Mnara wa Fischer, na mtu aliyeitwa Mtu

Wazungu wa zamani nahisi walikuwa na hamu na jehanamu, si bure. Huku kwetu Malindi ukitoka mjini ukaelekea Marafa utaikuta Nyari, lile korongo la mchanga mwekundu na mweupe ambalo Wagiriama wamelipa jina la mahali palipojivunja penyewe, na wazee watakupa kisa chake, ile familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa mpaka Mungu akaididimiza ardhi yao. Afu soma kibao cha watalii: Hell's Kitchen. Jiko la jehanamu. Sasa mie juzi nimekwenda Naivasha kwa binamu yangu aliye kwenye mashamba ya maua, akanipeleka mbuga ya Hell's Gate, yani mlango wa hiyo hiyo jehanamu. Nikamwambia siye tuna jiko nyinyi mna mlango, kilichobaki ni chumba cha kulala tu.

Ukishapita geti la mbuga haichukui muda unauona mwamba umesimama peke yake kama minara ya msikiti iliyosahauliwa porini, urefu wake kama mita 25. Ni uji wa volkano ulioganda kooni mwa mlima, ule udongo wa kando ukaliwa na mvua na upepo miaka na miaka ukabaki mwamba mtupu. Chini yake pimbi wamejaa wanakukodolea macho kama una deni lao, na kuna vijana wana kamba na helmeti, ukilipa wanakupandisha.

Nililipa. Binamu alikataa katakata, akasema yeye kazi yake ni kupiga picha. Nikafungwa mkanda kiunoni na mapajani, kamba ikapitishwa juu, kijana mmoja akaishika kwa chini, akaniambia usitumie mikono bro, tumia miguu, mikono ni ya kushikilia tu. Rahisi kusema. Nilipofika kama nusu mguu ukaanza kucheza wenyewe kama cherehani, jasho machoni, na akilini nawaona wakwezi wetu wa nyumbani wanaopanda mnazi peku, hawana kamba hawana helmeti, wanafuata zile pengo zilizochongwa kwenye shina na panga limechomekwa kiunoni, na juu huko anakuuliza unataka madafu mangapi. Kijana wa chini akaniambia pumua, sogeza mguu wa kushoto, kuna kishimo hapo. Kweli kilikuwepo. Nikafika juu nikapiga kelele moja ya aibu, sitaielezea hapa.

Huo mwamba unaitwa Fischer's Tower, mnara wa Fischer. Gustav Fischer alikuwa daktari Mjerumani aliyekaa Zanzibar, na kabla ya kwenda bara alishazunguka huku kwetu, Witu na mto Tana, miaka ya 1870. Hata kuna kulukulu wa misitu ya pwani anaitwa kwa jina lake kwenye vitabu vya ndege. Mwaka 1883 alitoka Pangani na msafara wa wapagazi akafika mpaka Naivasha, Wamasai wakamzuia, akageuza. Basi. Ndio kisa chote cha jina. Hakuukwea, alipita tu chini yake, tena akarudishwa! Wamasai wao wanasema ule mwamba ni msichana aliyekuwa anapelekwa kuolewa, akaambiwa asigeuke nyuma, akageuka kutazama kwao mara ya mwisho, akawa jiwe. Mie ukiniuliza, kati ya bibi harusi aliyewakumbuka wazazi wake na daktari aliyetimuliwa najua mnara ni wa nani.

Wakweaji miamba wana desturi yao lakini, na ni desturi ya haki ukiisikiliza mara ya kwanza: anayekwea njia kwanza ndiye anayeipa jina. Shida ni kwamba wa kwanza maana yake ni wa kwanza kuandika. Nilivyorudi nikaanza kusoma habari za Mlima Kenya, na hapo ndipo moto uliponiwaka kidogo.

Jina lenyewe la mlima lilitoka kinywani mwa Wakamba, mmishonari Krapf akaliandika alipouona kwa mbali kutoka Kitui tarehe 3 Disemba 1849, yule yule Krapf wa Rabai wa kamusi ya Kiswahili. Kileleni kulikwewa tarehe 13 Septemba 1899 na Mwingereza Halford Mackinder. Msafara wake kutoka Nairobi ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai 2 wa kuonyesha njia. Waswahili 66, jamani, hao ni watu wa pwani, ni babu zetu hao wamebebeshwa mizigo mpaka kwenye baridi ile, na wapo waliouawa njiani walipotumwa kutafuta chakula.

Sasa tazama majina yalivyogawanywa. Kilele kirefu, mita 5,199, kikaitwa Batian, kwa laibon mkubwa wa Wamasai, yani mganga na kiongozi wao wa dini, Mbatian, ambaye alikuwa keshafariki. Pacha wake Nelion na cha tatu Lenana ni nduguye na mwanawe. Sawa, heshima imetolewa. Bonde kubwa likawa la Mackinder, jingine likawa la Hausburg, mjomba wa mkewe aliyekuwa naye safarini. Lakini waliotangulia mbele kwenye barafu wakichonga ngazi kwa shoka, hatua moja hatua nyingine saa nzima nzima, walikuwa Waitaliano wawili wa kukodiwa kutoka Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel. Hao wamepewa mito ya barafu: César Glacier na Joseph Glacier. Umeona? Bwana mkubwa kaitwa kwa jina la ukoo, hawa wameitwa César na Joseph tu, kama unavyomwita kijana wa kazi za nyumbani. Na wale 66 hata jiwe la kukalia hawakupata.

Nelion ilikaa mpaka tarehe 6 Januari 1929 ndio wakaifika Eric Shipton na Wyn-Harris. Siku hizi kwenye njia yake ya kawaida kila ufa una mwenyewe, Mackinder's Chimney, De Graaf's Variation, ungedhani ni plot zimekatwa. Mwafrika wa kwanza kutajwa kufika juu ya Nelion ni mwaka 1938, na jina lake kwenye historia limeandikwa Mtu Muthara. Nimeisoma hiyo mara tatu. Mtu! Labda kweli mamake alimwita hivyo, lakini mie Mswahili nikiliona jina hilo nasikia Mzungu anauliza huyu nani, anajibiwa ni mtu wetu, naye anaandika.

Afu usidhani ni mambo ya milimani tu. Nguzo yetu ya Malindi watu wanapiga selfi kila jioni ni ya Vasco da Gama, aliyekuja 1498. Rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, aliyemvusha bahari mpaka Calicut kule India, nguzo yake iko wapi?

Haya yote nilimhadithia ami yangu barazani jana baada ya magharibi, nahodha wa zamani huyo, kahawa mkononi, nami nimepandisha sauti utadhani niko kwenye kampeni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, maneno yako mazito." Nikajisikia vizuri. Akanywa kahawa akaniuliza, "Na yule kijana aliyekushikia kamba usianguke, akakuonyesha na kishimo cha kuweka mguu, jina lake nani?"

Nimemtumia binamu meseji tangu usiku ule ule aulizie pale getini. Tiki mbili, bado za kijivu.