Maoni tumetoa, namba zetu za simu zimefikaje kwenye grupu?

Hili jambo limenikaa rohoni toka mwezi uliopita. Mtaani kwetu huku Dodoma, mtaa siutaji, tuliitwa mkutanoni kutoa maoni kuhusu eneo la wazi, wengine wanataka zijengwe fremu za maduka, wengine tunataka watoto waendelee kuchezea. Tukagawiwa fomu, juu unaandika jina, simu, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na namba ya nyumba, chini ndo maoni. Tukajaza tu, si tumezoea kujaza.

Siku ya tatu picha za zile fomu ziko kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, zote! Jirani yangu anayeuza vitumbua alikuwa ameandika hataki eneo liguswe, na akamtaja aliyeanza kumwaga mawe pale. Kabla ya magharibi kapigiwa na namba tatu asizozijua, mmoja anamwambia "mama, angalia biashara yako". Sahizi ukimuuliza habari za mkutano anakujibu huku anageuza vitumbua, macho kwenye kikaango, "mwanangu mi sijui chochote".

Yaani hapo ndo nilipoumia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo toka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na inasema wazi kwamba taarifa zako zikichukuliwa kwa kazi fulani zisipelekwe kwenye kazi nyingine. Na Tume yake ipo, unaweza kulalamika. Faragha yenyewe iko kwenye Katiba, ibara ya 16. Sasa NIDA ya mtu inahusiana nini na fremu za maduka? Kama mnataka uhakika kwamba ni mkazi, mjumbe si anatujua, athibitishe yeye mlangoni basi, fomu ya mahudhurio ibaki na mtendaji na karatasi ya maoni iwe peke yake bila jina.

Sisemi maoni yafichwe. Yabandikwe pale ofisini tuyasome wote, ila wayapitie kwanza, maana kwenye mtaa mdogo kufuta jina hakutoshi, mtu akiandika "mimi mjane ninayeuza vitumbua karibu na kisima" kuna nani hamjui? Kwa kampuni au mfanyabiashara anayetaka zile fremu naona tofauti, huyo ana maslahi pale, jina lake liwekwe tu tumjue.

Admini wa grupu nilimfuata, akafuta, muungwana kwa kweli, lakini picha zishashuka kwenye simu za watu. Barua ya kuomba karatasi zitenganishwe nimeipeleka, wamenigongea muhuri wa kupokea.

Mkutano wa pili ni Jumamosi. Nimemwambia mama kama anaogopa aniambie mimi niandike. Kanifungia vitumbua vyangu kwenye gazeti, akasema atafikiria.