The Iron Giant kwa Kiswahili: jitu linapogeuka "yeye"

Ukikaa mbele ya maiki kusimulia filamu ya The Iron Giant kwa Kiswahili, inapochezwa mbele ya watoto wa mtaa, kitu cha kwanza kitakachokukwama kooni ni kiambishi. Jitu lilianguka baharini, au jitu alianguka baharini? Nairobi tutasema "hii jitu imeanguka" na hakuna atakayetusahihisha, lakini swali ni lile lile. Je, hili dude la chuma ni kitu au ni mtu? Filamu nzima inazunguka hapo, na Kiswahili kinakulazimisha ujibu katika kila kitenzi, jambo ambalo Kiingereza hakikulazimishi. Nitafichua hadithi yote hapa chini, kwa sababu msimuliaji asiyeijua hadithi yote hawezi kuisimulia hii.

Kwa wasioifahamu: ni katuni ya 1999, chini kidogo ya saa moja na nusu, iliyoongozwa na Brad Bird. Warner Bros. waliitoa Marekani tarehe 6 Agosti mwaka huo na ikaanguka vibaya. Majumba ya sinema ya huko yaliingiza takriban dola milioni 23, na gharama ya kuitengeneza ilizidi maradufu ya hizo. Studio ilikuwa imetoka kupata hasara na katuni nyingine mwaka uliotangulia, kwa hiyo matangazo ya hii yalichelewa na yakawa haba. Waliokuja kuipenda wengi wao waliikuta baadaye, kwenye kanda na televisheni. Hapa kwetu bado ni wachache. Watoto wanamjua Vin Diesel wa magari, hawajui kwamba sauti ya lile jitu ni yake.

Hadithi iko Rockwell, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Maine, Oktoba 1957, siku ambazo Sputnik, setilaiti ya Warusi, ilikuwa imerushwa juzi tu na Marekani nzima inaangalia juu kwa hofu. Hogarth Hughes, mvulana wa miaka 9 anayelelewa na mama peke yake, anafuata alama za uharibifu msituni usiku na kukuta jitu la chuma likila kituo cha stima. Linanaswa na nyaya, linapigwa na umeme, linalia. Mtoto anakimbia. Kisha anarudi na kuzima swichi.

Sasa viambishi. Wasimuliaji wengi wa vibanda vya video wangeanza na "jamaa": "huyu jamaa wa chuma ameingia msituni". Inachekesha, na ni kosa. Ukimwita jamaa dakika ya tano, huna pa kumpeleka. Anza na li-. Limeanguka, limekula gari, linakuja. Jitu kwa Kiswahili ni ndugu wa zimwi, na watoto waliokulia hadithi za mazimwi wataketi wima bila wewe kuongeza neno.

Lini ubadilishe? Wengine wangebadilisha pale kwenye swichi. Mimi naona ni mapema mno, kwa maana hapo ni Hogarth aliyeonyesha utu, jitu bado halijafanya kitu. Ngoja kulungu. Jitu linamkuta kulungu msituni, linataka kumgusa, anaondoka. Mlio wa risasi unasikika. Wanamkuta amelala, na lile dole kubwa linamsukuma taratibu ili aamke. Hapo nyamaza kabisa, na sentensi yako ya kwanza baadaye iwe na a-: "Haelewi kwa nini haamki." Usieleze kwamba umebadilisha. Watoto wa miaka 6 hawajui ngeli kwa jina, ila wanazisikia.

Jambo dogo kuhusu wale wenye bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, kwa hiyo mtoto wa Nairobi akiona mtu na bunduki karibu na kulungu aliyekufa anawaza jangili. Usiseme majangili. Filamu haiwahukumu watu hao, ni wanaume wa kawaida wa mji ule. Sema "wawindaji" kisha ongeza kwamba kule inaruhusiwa. Ukiwafanya wabaya, watoto watangoja jitu liwalipizie kisasi, na hilo ndilo jambo ambalo hadithi hii inalikataa.

Wahusika wasibadilishe kiambishi kwa pamoja. Kent Mansley, mtu wa serikali anayewinda jitu, abaki na li- mpaka mwisho: "liko wapi? lipigeni!" Dean, yule msanii mwenye uwanja wa vyuma chakavu, anasitasita, leo li-, kesho a-. Watu wa mji wanahamia a- pale tu jitu linapowadaka wavulana wawili wanaoanguka kutoka juu ya jengo. Halafu jeshi linafika, jitu linadhani Hogarth amekufa, na silaha zote zilizofichwa mwilini mwake zinafunguka. Hapo wewe msimuliaji rudi kwenye li-, ghafla: "Linageuka. Linalenga." Watoto watashtuka kuliko mlipuko wenyewe utakavyowashtua. Hogarth anaposimama mbele yake na kuongea naye, ndipo a- irudi, na haitoki tena.

Neno la pili la kuamua mapema ni bunduki. Kishawishi ni kutafsiri "silaha", kwa sababu jitu lina makombora na miale. Acha. Wazo ambalo Bird aliwapelekea wakuu wa studio lilikuwa swali moja: bunduki ikiwa na roho, na haitaki kuwa bunduki, itakuwaje? Dada yake mwenyewe alikuwa ameuawa kwa bunduki. Kwa hiyo bunduki ya kuchezea ya Hogarth, ambayo macho ya jitu yanaijibu kwa mwale bila kukusudia, bunduki ya wawindaji, na "mimi si bunduki" ya jitu lenyewe lazima ziwe neno lile lile. Ukisema "bastola" hapa, "silaha" pale na "mtutu" kule, uzi umekatika. Vivyo hivyo roho: Hogarth anamweleza jitu kwamba vitu hufa lakini roho haifi. Sema roho, si nafsi. Roho ndiyo neno wanalolisikia nyumbani.

Kuna sentensi ambayo Hogarth anamwambia jitu mapema, wakati anataka kwenda nyumbani na lenyewe linamfuata kama mbwa. Kwa Kiswahili inatosha maneno 5: "Wewe baki, mimi naenda. Usinifuate." Yaandike kwenye karatasi. Karibu na mwisho, kombora la nyuklia likiwa linarudi kuuangukia mji, jitu ndilo linalomwambia Hogarth maneno hayo hayo. Lazima yawe hayo hayo kwa mpangilio huo huo, hata "usinifuate" isigeuke "usije". Msimuliaji anayebuni papo hapo, kwa mtindo ambao msimuliaji wa filamu DJ Afro ameuzoesha nchi nzima kwenye filamu za mapigano, hulipoteza hili kwa sababu hakumbuki alisema nini saa moja iliyopita. Mtindo ule ni mzuri sana mahali pake. Hapa utani uwe kwenye mkono wa jitu uliojipenyeza nyumbani wakati wa sala ya chakula, na kwenye Mansley na tumbo lake. Watoto watacheka wenyewe, unaweza hata kunywa chai.

Pengine pa kuharibika ni majarida ya katuni. Hogarth anamwonyesha jitu Superman, na pia Atomo, roboti mbaya. Ni tukio fupi na linaonekana kama la kupumzikia, hivyo wengi huweka salamu za wadau hapo. Matokeo yake jitu linapofumba macho angani na kutamka "Superman", nusu ya watoto hawajui limelitoa wapi jina. Taja majina yote mawili polepole, sema nani mwema na nani mbaya, na useme kwamba jitu linajiona kwenye picha ya Atomo. Pale angani usiseme chochote. Si kutafsiri, si kushangilia. Zima maiki kwa swichi yake ili usishawishike.

Jitu lenyewe liongee vipi? Maneno yake ni machache, linaanza na majina kama jiwe na mti. Usilipatie lafudhi ya mgeni wa kuchekesha, ile ya "mimi nataka kuja wewe". Itapata kicheko dakika ya 30 na utailipia dakika ya 80. Mpe Kiswahili kifupi na sahihi, kwa sauti ya chini, bila kuongeza neno.

Hofu ya 1957 inahitaji maelezo kidogo, kama darasa linaloonyeshwa filamu ya kujikinga na bomu. Kwa mtoto, sentensi moja: nchi mbili kubwa zilikuwa zinaogopana na kila moja ilikuwa na bomu la kumaliza mji. Kama babu au nyanya yupo kwenye viti vya nyuma, hahitaji hata hiyo. Mwaka huo hapa Kenya bado ilikuwa hali ya hatari, na mtu wa serikali anayezunguka akitaka jirani amtaje jirani si kitu cha kuelezewa mtu aliyewahi kusikia habari za gakunia, wale wasaliti waliofunikwa gunia kichwani.

Upande wa mitambo. Filamu hii ni pana sana, upana wake unazidi mara mbili na theluthi ya kimo. Shuka moja la kitanda cha futi 6 kwa 6, likilazwa kwa urefu, linakupa picha ya mita 2.5 kwa kama mita 1.05, wala huhitaji kuunga mawili. Ukiunga, mshono uangukie kwenye ukanda mweusi wa chini, usikate nyuso. Nyuma ya shuka weka kitambaa cheusi, la sivyo nusu ya mwanga inapita na kumulika ukuta wa jirani. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora kuliko shuka lolote, tena haupepei.

Projekta ya lumeni 2,500 hadi 3,000 za ANSI inatosha kwa ukubwa huo usiku. Soma neno ANSI, maana hicho ndicho kipimo cha mwanga cha kuaminika. Vile vidude vidogo vinavyouzwa mjini vikiwa vimeandikwa "lumeni 9,000" mara nyingi havifikishi hata 300 za kweli, na filamu hii itaviumbua haraka: inafunguka na dhoruba ya usiku baharini, kisha msitu usiku. Ndiyo sababu usianze kabla ya saa moja jioni. Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu na giza linaingia upesi, lakini nusu saa hiyo ukiiwahi, watoto wataona tope la kijivu na kuanza kurushiana viatu. Agosti ni likizo na mvua ni nadra, ila baridi ni kali, waambie waje na masweta.

Sauti ipite kwa kebo, si Bluetooth, ambayo huchelewesha mdomo na neno kiasi cha kuonekana. Laptopu ikicheza faili lenye sauti ya 5.1, iliyogawanywa kwa spika sita, kwenye spika mbili, mazungumzo yanazama na milipuko inaamsha watoto wachanga wa ploti nzima, kwa hiyo badilisha kuwa stereo kwenye programu ya kuchezea. Mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ndogo ya njia 4 inatosha: filamu njia moja, maiki nyingine, na mkono wako mmoja usitoke kwenye sauti ya filamu. Shusha unapoongea, pandisha kabla hujamaliza sentensi. Kaa nyuma ya spika, si mbele, maiki isianze kupiga mluzi. Projekta, spika na laptopu pamoja hazifiki wati 600. Kebo ya kuongezea ifungue yote, ikiachwa imeviringwa inapata moto. Stima ikipotea, projekta ya taa ya kawaida inabaki na joto bila feni na taa inakufa mapema, hivyo hata UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya dakika 5 inasaidia kuizima taratibu.

Kama unatumia televisheni sebuleni, ingia kwenye mipangilio ya picha na uzime ile hali ya kulainisha mwendo. Watu wa filamu hii walichorwa kwa mkono, jitu lilichorwa kwa kompyuta, na mafundi walitengeneza programu ya kuitetemesha mistari ya jitu ili ifanane na ya mkono. Televisheni ikilainisha, mtetemo huo unapotea na jitu linaonekana limebandikwa.

Na kuhusu ruhusa, kwa ufupi: ukitoza hata shilingi 20, au ukifungulia watu wote uwanjani, hayo ni maonyesho ya hadhara chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222. Leseni inatafutwa KFCB, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu, na ridhaa ya mwenye hakimiliki ni jambo la pili linalosimama peke yake.

Mwishoni, usiwashe taa mapema. Baada ya mlipuko na sanamu mjini, watoto wa nyuma huanza kukunja mikeka. Wazuie, na urudi kwenye maiki kwa mara ya mwisho. Theluji ya Langjökull, Iceland. Vipande vinatambaa. Kichwa kimelala barafuni, kimulimuli chake kinawaka na kuzima. Vi-, ki-, ki-. Kisha macho yanafunguka, na wewe useme tu: "Anatabasamu."