Soksi, Gunzi na Tochi: Jinsi Nilivyomzuia Mbwa Wangu Kumeza Vitu

Nyumbani kwetu Rau, Moshi, tunafuga mbwa wa ulinzi anayeitwa Simba, ambaye kama ilivyo desturi ya mtaa alikuwa akifungiwa bandani kutwa na kufunguliwa usiku geti likishafungwa. Alipofikisha miezi mitano, umri ambao meno ya utotoni yanang'oka na fizi zinawasha, alianza kutafuna kandambili zilizoachwa barazani. Tuliiona hasara ndogo, hadi soksi za mtoto zilipoanza kupungua kwenye kamba bila hata uzi kuonekana uani.

Soksi ya kwanza aliitapika mwenyewe, imeviringika na kujaa ute wa njano. Ya pili haikutoka. Bibi jirani aliniambia, "Mpe maji ya chumvi, mwanangu, atatapika yote," na kikombe nilikuwa nacho mkononi nilipompigia simu bwana mifugo, naye akanikataza kabisa, kwa kuwa chumvi nyingi inaweza kumletea mbwa degedege na hata kumuua. Kesho yake uzi ulipoonekana ukining'inia nyuma, alinionya pia nisiuvute, maana ukiwa umenasa ndani huweza kuukata utumbo. Soksi ilitoka yenyewe jioni.

Gunzi halikuwa na huruma hiyo. Ulikuwa msimu wa mahindi ya kuchoma, na mmoja wetu (sitamtaja, maana huenda ni mimi) aliliacha kando ya jiko. Siku ya kwanza Simba alitapika chakula, siku ya pili akatapika hata maji, na asubuhi ya tatu nilimkuta amekunja mgongo, tumbo gumu, ugali wenye dagaa umeganda kwenye sufuria yake bila kuguswa. Daktari alipomminya tumbo aliamua kumpasua siku hiyohiyo. Gunzi halimeng'enywi, na kipande alichokitoa kwenye utumbo mwembamba hakikuzidi kidole gumba changu, lakini mahali kiliponasa nyama ilikuwa imeanza kubadilika rangi kwa kukosa damu.

Hadi hapo nilikuwa nikimkaripia na kumkimbiza kila nilipomwona na kitu mdomoni. Nilichelewa kung'amua kwamba kumkimbiza ndiko kulikomfundisha kumeza haraka, kwani aliyenyang'anywa mara mbili hangoji ya tatu. Nikaanza kubadilishana naye: nilimpa kipande cha kamba nene, nikamwonyesha ini la kuchemsha, na alipoiachia kamba nikatamka "achia" na kumpa ini. Baada ya wiki tatu za mazoezi ya kila siku aliachia hata kandambili, ambayo kwake ni kitoweo.

Hata hivyo, neno hilo halina kazi saa nane za usiku sote tukiwa tumelala, na huo ndio wakati aliokuwa akimeza. Kwa hiyo sasa ninamtembeza alfajiri ili asishinde bandani akiwa na nguvu zote mwilini, magunzi yanakwenda motoni moja kwa moja, ndoo ya taka ina kifuniko chenye jiwe juu yake, na kabla ya kumfungulia ninazunguka uani na tochi, kuanzia jikoni hadi chini ya kamba ya nguo. Mtoto naye anahesabu soksi zake kabla ya kulala, na zikipungua, banda halifunguliwi mpaka ipatikane.