Julai yangu ya kwanza Nairobi, na jiko nililoliingiza ndani

Nilipokuwa Kisauni, kule Mombasa, baridi kwangu ilikuwa ni mvua ya Mei ikikukuta barabarani bila mwamvuli. Blanketi nyumbani lilikuwa moja, nalo lilitolewa kabatini mtu akiugua. Kwa hiyo nilipohamia Nairobi kikazi, kila aliyeniambia "ngoja Julai" nilimwona anatia chumvi.

Julai ikafika. Mtu aliyeishi Ulaya akisikia nyuzi 12 usiku atacheka, lakini kule nyumba zina joto ndani. Hapa hizo nyuzi 12 unalala nazo. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mawingu hutanda tangu alfajiri, na jua likichungulia saa nane mchana mshukuru Mungu. Chumba chetu kule Zimmerman kilikuwa cha chini kabisa: kuta za mawe, sakafu ya simiti, mlango wa chuma. Nguo nilizofua zilikaa kambani siku tatu na bado zikawa na majimaji. Mdogo wangu Fatma, aliyekuja kukaa nami asome chuo, usiku wake wa kwanza alilala amevaa buibui juu ya sweta.

Basi nikaanza kuziba. Juu ya dirisha kulikuwa na yale matundu ya hewa yanayoachwa na mafundi, nikaona mchawi wetu ndiye huyo. Nikayajaza magazeti, nikapiga selotepu, nikasukumiza tambara chini ya mlango. Jumapili moja jioni nikawasha jiko la makaa uani, nikapepea mpaka moshi ukaisha wote na makaa yakawa mekundu, ndipo nikaliingiza ndani. Nilijiona nina akili sana. Nilikuwa nimekua nikisikia kwamba makaa mabaya ni yale yanayofuka, yakishaiva hayana neno.

Chumba kikapata joto la kwetu Pwani. Tukala, tukapiga gumzo, Fatma akajilaza. Kwenye saa nne hivi akasema, "Kaka, kichwa chaniuma." Nikamwambia ni baridi, ajifunike. Changu nacho kilikuwa kinanigonga kwenye paji, nikadhani ni usingizi. Baadaye akainuka kwenda chooni, nikasikia kishindo. Nilipotaka kusimama, miguu haikuwa yangu. Ninachokumbuka vizuri ni komeo la ule mlango: chuma baridi, vidole havina nguvu, nikilisukuma kwa kiganja mpaka likaachia.

Bahati yetu, jirani, Mama Kamau, alikuwa ametoka kufunga geti. Alitupa jicho ndani mara moja tu, akaliona jiko. "Toa huyu msichana nje! Wachana na viatu!" Tukamburura Fatma hadi uani. Akatapika, akafungua macho. Mimi, kwa ujinga wangu, nikasema basi tupunge hewa kidogo halafu turudi tulale. Mama Kamau alikataa katakata. "Kijana, hii si ya kungojea asubuhi. Ni hospitali, sasa hivi." Na teksi akaita yeye.

Muuguzi alimbana Fatma kidole kwa kile kipimo cha oksijeni, kikaonyesha 98. Nikashusha pumzi. Daktari akatikisa kichwa. Alisema kipimo kile hudanganyika, hakijui kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Na makaa mekundu huitoa vilevile, moshi uwepo usiwepo. Ukiachwa na hewa ya kawaida, sumu hiyo huchukua saa nne au tano kupungua nusu tu; ukipewa oksijeni safi, saa moja na nusu hivi. Fatma akavikwa barakoa, nami nikavikwa yangu, tukakaa hadi alfajiri tukitazamana kama wazamiaji wawili.

Kitu cha kwanza tuliporudi, niling'oa magazeti yote.

Ila baridi ilikuwa palepale, na Agosti haijaingia. Mama Kamau alipokuja kumjulia hali Fatma, alitazama kitanda chetu, yaani godoro lililotandikwa chini, akacheka. "Unapasha hewa joto, na godoro iko kwa simiti?" Kumbe baridi kubwa ilikuwa inatoka chini. Nikaomba makatoni kwenye duka la jumla, nikayafungua na kuyatandaza tabaka mbili, juu yake mkeka, kisha godoro. Usiku uleule tofauti niliihisi mgongoni. Jumamosi nikaenda Gikomba kutafuta blanketi nzito za mitumba, na hapo pia nikasomeshwa: moja la kulalia, moja la kujifunika. Sisi wa Pwani tunajua kujifunika tu.

Chupa ya maji moto ilinitia adabu. Nilichukua chupa ya soda ya plastiki nikamimina maji yanayotokota. Ilijikunja mkononi kama jani, maji yakaishia kwenye godoro, na nilikuwa na bahati hayakunichoma. Baadaye nikanunua ile ya mpira, duka la dawa. Maji yaachwe yapoe kidogo, usiijaze hadi juu, ikamue hewa kabla ya kufunga, izungushie taulo, uiweke miguuni dakika kumi kabla hujalala. Fatma aliitwaa ikawa yake. Ilibidi ninunue nyingine.

Hita ya umeme niliazima kwa mwenzangu wa kazini. Ilikuwa ya wati 2,000, maana yake yuniti mbili kila saa. Siku ya tatu niliirudisha, tokeni zilikuwa zinakwisha kama maji kwenye pakacha. Pesa hiyo bora niinunulie unga wa wimbi: uji wa moto saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda kugombania matatu, unakubeba hadi saa nne. Nguo ni fulana, shati, sweta, halafu jaketi, ili ofisini uvue moja moja. Na marvin, ile kofia ya kufuma, kichwani hata ukiwa kitandani. Mwanzoni nilionea haya, sasa silali bila yake.

Mwaka huu binamu yetu kaja kututembelea kutoka Mombasa, katikati ya Julai, na shati la mikono mifupi. Alikaa dakika tano akauliza, "Na jiko liko wapi tuote?" Fatma hakumjibu. Alimrushia marvin na soksi, kisha akapanda juu ya stuli kuangalia kama yale matundu yako wazi.