Mwalimu wa chekechea na bajeti

Neno la shemeji limenikaa rohoni na halitoki. Mnamjua, yule wa Tacoma, si mtu mbaya. Mimi nageuza vitumbua, yeye kaegemea friji na bakuli lake la karanga. Nikamwambia nimejiandikisha kutoa maoni mbele ya kamati ya bunge la jimbo letu la Washington, kule Olympia, kuhusu ruzuku za malezi ya watoto. Akatafuna, akameza, ndipo akasema:

"Shemeji, mwalimu wa chekechea na bajeti wapi na wapi?"

"Kwa nini?"

"Si uwaachie wanaojua."

Halafu akachukua kitumbua cha moto, akaenda sebuleni.

Baba watoto kahamishiwa zamu ya usiku, binti kafaulu mtihani wa udereva, kituo kimepata mkuu mpya, na mimi bado niko na hao "wanaojua". Wanaojua ni akina nani? Mtoto akifika asubuhi hajatia kitu tumboni, najua mimi kabla hajavua koti. Ruzuku ikichelewa, mzazi atakayemtoa mwanawe kwanza namjua kwa jina.

Jana usiku nikakaa kumsoma Patty Murray, seneta wetu. Jina lake nani asiyelijua katika jimbo hili, ila sikuwahi kuyafuatilia maisha yake tangu mwanzo. Alikuwa mwalimu wa chekechea kule Shoreline. Programu ya shule za awali ilipotaka kukatiwa fedha, akawachukua wanawe wawili wadogo mpaka Olympia kuitetea. Mbunge mmoja wa jimbo akamwambia hawezi kubadilisha chochote, yeye ni mama tu aliyevaa raba. Akarudi nyumbani akawapigia simu wazazi wenzake, nao wakawapigia wengine, wakawa maelfu, na programu ikarudishwa.

Hapo nilisimama nikatembea chumbani.

Akaingia bodi ya shule, kisha mwaka 1988 akagombea Seneti ya jimbo, akamwangusha aliyekuwa na kiti. Safari hii akaingia Olympia ana kura yake. Mwaka 1992 akachaguliwa Seneti ya Marekani, na kuanzia 2023 hadi mwanzoni mwa 2025 ndiye aliyeongoza Kamati ya Matumizi ya Seneti hiyo, ile inayopanga fedha za idara za serikali kila mwaka. Mwalimu wa chekechea!

Wengi humsifu kwa hayo ya taifa. Mimi naipenda zaidi ile miaka minne ya Olympia. Bunge la jimbo hukaa siku 105 mwaka mmoja na 60 mwaka unaofuata, kisha wabunge wanarudi kuishi na sheria walizozipitisha. Mahali kama hapo panamtaka mtu anayejua bei ya maziwa na saa ya kumpokea mtoto.

Nimelala vizuri mara ya kwanza wiki hii. Watanipa dakika moja, labda mbili, na maneno yangu nimeshayaandika. Nitaanza na yule mama wa maghala ya Kent anayemleta mwanawe gizani na kumchukua gizani. Shemeji naye nitamwalika aje asikilize, kwa moyo mweupe kabisa.

Ila mama kule Muheza presha imempanda tena. Dada anasema dawa anameza nusu nusu ili zifike mwisho wa mwezi, na mimi kwenye simu ananiambia hajambo.