Uso wa Saa Uliopunguziwa Mizigo

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi wa saa, mzee mwenye meza yake kichochoroni si mbali na Marikiti, Seiko niliyoachiwa na marehemu ami yangu. Alipofungua mfuniko wa nyuma na kubana lenzi jichoni, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, hii usiiuze." Sikuwa na nia hiyo hata kidogo. Ni kronografu, yaani saa yenye akrabu ya kupimia muda unayoianzisha na kuisimamisha kwa kitufe, ya aina ya 6139, yenye uso wa manjano uliofifia upande wa ufunguo wa kurekebishia saa, na pete ya nje ya buluu na nyekundu iliyochorwa takimeta, kipimo cha mwendo wa gari.

Ami alikuwa dereva wa malori ya Nairobi. Nilipokuwa mtoto alinivua mashaka juu ya takimeta kwa kunivalisha saa hii: nibonyeze kitufe cha juu tunapopita alama ya kilomita, nibonyeze tena tunapofikia ya pili, kisha nisome namba iliyoelekezwa na akrabu ndefu. Sekunde 45 zilimaanisha kilomita 80 kwa saa, na yeye alicheka kwa furaha kila namba yangu ilipolingana na ya dashibodi.

Tangu hapo nimezitazama sana saa za mashindano ya magari, nami naamini kwamba waliozibuni vizuri ni wale waliojua kuondoa. Kronografu nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na za baada yake zilibebeshwa vipimo vyote usoni: takimeta iliyojizungusha kama konokono, telemeta ya kukadiria umbali wa radi kwa sauti yake, na pengine kipimo cha mapigo ya moyo. Ni nzuri kuzitazama ukiwa umekaa barazani, lakini dereva anayekata kona hana nafasi ya kusoma maandishi madogo namna ile.

Mwaka 1957 Omega, kwa Speedmaster, waliitoa takimeta usoni wakaiweka kwenye pete iliyozunguka kioo. Mwaka 1963 Rolex walifuata njia hiyo kwa Cosmograph namba 6239, iliyokuja kuitwa Daytona, wakaichonga takimeta kwenye pete ya chuma na kuvipa visahani vidogo vya kuhesabia vilivyomo usoni rangi iliyopingana na ya uso. Mwaka huohuo Jack Heuer, wa kampuni ya saa ya Heuer, alitoa Carrera, aliyoipa jina kutokana na mashindano ya Carrera Panamericana ya Meksiko, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote. Ndani ya saa mlikuwa na pete nyembamba iliyokandamiza kioo ili maji yasipenye. Heuer aliona kwamba mwinamo wa pete hiyo ungeweza kuchorwa alama za sehemu za tano za sekunde, na uso ukabaki wazi, wenye mistari michache tu. Mashine ya Carrera ilikuwa Valjoux 72, na ya Daytona ilitokana na hiyohiyo, hivyo saa hizi mbili zilitofautiana zaidi kwa sura kuliko kwa moyo.

Mwaka 1969 ulileta kronografu za otomatiki, zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono. Zenith walitangaza El Primero mwezi Januari, inayopiga mara 36,000 kwa saa, yaani mara 10 kila sekunde. Mwezi Machi wakaja Heuer, Breitling na wenzao na mashine iliyohamishia ufunguo upande wa kushoto, ikatiwa pia ndani ya Monaco, saa ya Heuer ya mraba. Monaco naiheshimu kwa uthubutu wake, ingawa jicho langu hufuata duara kwa urahisi zaidi.

Seiko nao walitoa 6139 mwaka huohuo, wakapunguza zaidi ya wote: kisahani kimoja tu cha dakika 30, bila akrabu ndogo ya sekunde. Fundi alinionyesha klachi yake, sehemu inayoiunganisha akrabu ya kupimia muda na mashine, ambayo hushika kwa kukandamizwa kutoka juu, si kwa meno kuingiliana ubavuni kama katika mashine nyingi za zamani, ambamo akrabu huweza kuruka kidogo inapoanzishwa. Alipomaliza kuisafisha alinikabidhi, nikabonyeza kitufe cha juu, na akrabu ikaondoka juu ya ile manjano bila kushtuka.