Mbuzi wangu kafa maji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimo kwenye daladala ya Mwera, hapa Unguja, mkobani chupa nne na mswaki mpya. Konda ananiuliza kama nahama.

Saa moja na nusu nimeinama mtoni nasugua jiwe kwa mswaki. Ule utelezi wa rangi ya chai unadondokea chupani. Bibi anayefua kando yangu anashangaa: "Watafuta nini, mwanangu?" Mwani, bibi. "Mwani si uko Paje!" Wangu haulimwi, na jicho haliuoni.

Saa tatu, maabara. Unaitwa diatomu: seli moja ndani ya ganda la silika, kama kioo. Mtu anayekufa maji huyavuta. Diatomu ndogo hupenya mapafuni, zikaingia damuni, na moyo ukazisukuma mpaka kwenye uboho wa mifupa. Maiti iliyotupwa majini inaweza kujaa maji mapafuni, lakini moyo umeshasimama, nani azisukume? Basi, ili kujua kama mtu alizama akiwa hai, hupasuliwa mfupa wa paja, na kitakachopatikana kinalinganishwa na maji ya pale mwili ulipookotwa.

Mimi bado najifunza, kwa hiyo leo paja ni la mbuzi, kutoka soko la Darajani.

Saa tano namwagia uboho asidi ya nitriki na kuupasha moto kwenye kabati la kufyonzea hewa. Moshi wa kahawia unapanda. Nyama na mafuta vinaisha, kioo hakiliwi.

Saa nane, baada ya Adhuhuri, hadubini. Kwanza maji ya Mwera, nikakuza mara 1,000: Navicula tele. Kwa Kilatini ni kijahazi, na kweli, zimechongoka huku na huku kama dau. Halafu uboho wa mbuzi. Diatomu mbili.

Msimamizi wangu akachungulia. "Mbuzi wako kafa maji?"

Nikatazama chupa ya kulinganishia, isiyotiwa mfupa wowote. Nayo inazo! Nilisuuza vyombo kwa maji ya mfereji badala ya maji yaliyokenekwa. Mambo kama haya ndiyo yanayowafanya wataalamu wabishane kuhusu kipimo hiki hadi leo. Wapo wasemao hata chaza uliyemla aweza kukuachia diatomu mwilini. Na kutoziona si hoja kwamba mtu hakuzama. Mahakamani, ganda moja peke yake mimi nisingelitegemea.

Mpaka saa kumi na moja nasuuza chupa. Nampigia muuza nyama aniwekee paja jingine kesho.

"Kumbe supu ilikuwa tamu!"